Waya wa Diski

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na kibanda cha gemu pale kona kimefungwa leo, kwa hiyo nina mambo mawili ya kulalamikia na hakuna wa kunisikiliza. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Miaka yote nikitoka kiwandani kushona sare za shule napitia pale, nacheza mechi moja ya mpira kwenye kompyuta, nawafunga vijana, wananitukana kwa heshima, naenda zangu nyumbani. Wenyewe wananiita Kocha. Leo nimekuta mwenye kibanda anapakia mashine kwenye gari la mizigo. "Nimeuza zote, Kocha," ananiambia. "Ndiyo maisha." Nikamjibu maisha yake hayanihusu, mimi nilikuwa na ligi.

Jioni nikamwambia baba kwamba nitaunda kompyuta yangu mwenyewe. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwanamke mzima, fundi cherehani, unataka kompyuta ya kuchezea mpira?"

"Ndiyo."

"Haya, mama. Basi mchukue marehemu wangu."

Marehemu ni kompyuta yake, imefunikwa kitambaa chini ya meza ya sebuleni. Baba anapiga video za harusi tangu sijazaliwa, na harusi za mtaa huu zote zilikatwa na kuunganishwa kwenye mashine ile, mpaka mazabodi yake, ule ubao mkuu unaobeba vyote, ilipokufa mwaka jana. Kasha ni zima, akasema, na diski ni nzima.

"Ila diski usiifute. Harusi za watu zimo humo."

Nikaahidi. Kuahidi ni rahisi ukiwa umeshiba.

Jumatano, 4 Machi

Fundi kompyuta ana duka chini ya ngazi, kati ya mshona viatu na mtoa nakala. Ni mtu wa taratibu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Aliniuliza nina kiasi gani. Nilipomtajia, akavua miwani kama aliyepewa taarifa ya msiba.

"Sikiliza, Kocha," akasema hatimaye. "Prosesa ndiyo akili. Ramu ni meza ambayo akili inatandazia kazi zake. Meza ikiwa ndogo, kazi zinaanguka. Kadi ya michoro ndiyo inachora uwanja, nyasi, mpaka jasho la mchezaji. Pawa saplai inawalisha umeme wote hao. Wateja wangu wananunua sura tu, hakuna anayenunua tumbo."

Ushauri wake: ninunue prosesa inayoweza kuchora yenyewe. Nitacheza, bila madoido. Kadi nitaongeza mwakani.

Mwakani! Nilimwambia mimi sipandi mti, nanunua kompyuta. Akacheka, akaniandikia bei nyuma ya risiti. Nimeiweka chini ya mto kama barua ya mchumba, aibu yangu mwenyewe.

Ijumaa, 6 Machi

Vifungo. Kutwa nzima vifungo.

Jumapili, 8 Machi

Mama Pacha wa chini alipanda kutusalimia, na wasichana wake wawili wamemshika gauni kila mmoja upande wake. Mumewe alifariki kwenye ajali watoto wakiwa hawajatimiza miaka miwili. Simu yake ilipotelea barabarani siku hiyo hiyo, na picha zake zote na sauti yake.

Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, mpaka baba akamwambia, "Binti, sema lililokuleta."

"Mzee, wanangu wananiuliza baba yao alikuwa anaongeaje. Najaribu kumwigiza, wananicheka, wanasema mimi siwezi. Ile santuri ya video ya harusi uliyotupatia imekwaruzika, haichezi tena. Nikasema labda..."

Baba akajinyoosha kitini. Harusi yako imo, akamwambia, na hotuba ya bwana harusi imo neno kwa neno, nilikuwa nimemsogelea mpaka akaniambia namtia kiwewe. Mama Pacha akauliza kama diski inaweza kupelekwa dukani ikanakiliwe huko. Baba akakataa. Hiyo ndiyo sheria yake tangu zamani: harusi za watu haziendi kulala dukani, zikaangaliwe na kila apitaye. Hapigi harusi bila kuwaahidi wazazi hilo.

"Mwanangu anaunda mashine. Ikiwaka tu, siku hiyo hiyo utaona."

Wote wakanigeukia, hata wale wadogo.

"Wiki mbili tu," nikasema.

Jumatatu, 16 Machi

Mshahara umeingia na pesa ya saa za ziada pia. Nina za kutosha kununua kila kitu isipokuwa kadi. Fundi anasema, "Basi unda, uanze." Mimi nasema nasubiri kadi. Nikiunda leo nitazoea ubovu, najijua.

Nilipishana na Mama Pacha kwenye ngazi. Alinisalimia vizuri, hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumanne, 24 Machi

Mvua haijakata tangu juzi. Paa linavuja juu ya kabati la baba, na diski ilikuwa juu ya kabati hilo, ndani ya boksi la viatu. Baba aliishusha, akaifuta kwa leso yake, akaigeuza huku na huku. Boksi lilikuwa na unyevu, diski yenyewe kavu. Akaihamishia ndani, katikati ya mashati yake.

"Hiyo mashine yako, mama?"

"Iko karibu, baba."

Alhamisi, 26 Machi

Kazini wenzangu wamenifanyia mzaha siku nzima. Mkata vitambaa anasema nikipata kompyuta sitaolewa tena. Nikamwambia nikipata kompyuta sitahitaji.

Alhamisi, 2 Aprili

Imepatikana! Kadi ya michoro, imetumika lakini safi, feni mbili, mwenyewe anahama anauza haraka. Niliishika mikononi nikaona nyasi za uwanja.

Tatizo ni kwamba ikiingia kadi, lazima kitu kingine kipungue. Fundi alikataa katakata nipunguze prosesa: "Iwe ile ile inayochora yenyewe, la sivyo sikuuzii. Siku kadi ikikuaga utanishukuru." Tukabaki na pawa saplai. Anayo moja nzuri, iliyotumika, bei ya chini kwa sababu nyaya zake ni za kuchomoa na hazijatimia. Wa mazabodi upo, wa prosesa upo, wa kadi upo. Wa diski haupo.

"Gemu zako zitakaa kwenye kidiski kipya kinachochomekwa kwenye mazabodi, hakitaki waya," akasema. "Ila ile diski ya mzee inautaka. Nitakutafutia waya wenyewe, nipe wiki moja. Na sikiliza hapa, Kocha, niangalie. Usije ukachukua waya wa pawa saplai ile ya zamani ukachomeka kwenye hii. Plagi zinafanana, zinaingia bila ubishi, lakini ndani kila mtengenezaji na mpangilio wake. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilikuwa naangalia kadi.

Ijumaa, 10 Aprili

Fundi ameleta ujumbe: waya umefika, nikauchukue. Mvua ni ya kumwagwa kwa ndoo na kiwandani tuna oda ya shule nzima. Nitauchukua Jumatatu.

Jumapili, 12 Aprili

Sitaki kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi niliunda. Niliweka kasha la marehemu mezani, nikaingiza mazabodi, prosesa, ramu, kadi, nikakaza kila skrubu kwa bisibisi ndogo ya cherehani. Baba alivuta kiti akaniangalia kama anavyoangalia mpira. Mchana nikabonyeza kitufe, feni zikazunguka, skrini ikawaka. Baba akapiga makofi.

"Kwa hiyo leo!" akasema. Kabla sijafungua mdomo alishavaa ndara zake anashuka ngazi, anaita, "Mama Pacha! Walete watoto!"

Ningemwita arudi. Ningesema bado waya mmoja, kesho. Lakini zile wiki mbili zangu zilikuwa zimeshakuwa tano, na niliwasikia watoto chini wakiulizana nguo ipi wavae. Niliona aibu kusema kesho. Hiyo tu, aibu, wala si kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Waya wa zamani ulikuwa kwenye droo. Nikaupima kwenye tundu la pawa saplai. Ukaingia bila ubishi, kama Fundi alivyosema. Nikajiambia mafundi wanapenda kututisha ili tununue vyao. Upande wa pili nikachomeka kwenye diski ya baba, nikawasha.

Tk. Mlio mdogo kama kifungo kinachokatika. Halafu harufu.

Niliung'oa ule waya upesi, nikausukumia chini kabisa ya mfuko wangu wa vipande vya vitambaa, nikafungua dirisha mvua ikaingia. Sikufikiri. Mikono yenyewe ilijua kuficha, sijui ilijifunza wapi. Kisha nikashika bisibisi na kuinama kama mtu mwenye shughuli.

Wakaingia. Watoto wamevalishwa magauni ya njano na soksi. Baba akawapangia viti mstari mmoja mbele ya skrini.

Nikasema diski haionekani. Baba akasema jaribu tena. Nikajifanya kujaribu, nikagusagusa vitu. Mama Pacha aliuma kidole chake akaanza kusema hakuna haraka, jamani, hakuna haraka. Mtoto mmoja akauliza baba yupo nyuma ya hiyo kompyuta?

Baba akaichukua ile diski, akaiweka sikioni, akaitikisa polepole.

"Ni unyevu," akasema. "Ni lile boksi la viatu. Niliiacha juu ya kabati linalovuja, mvua yote ile. Mtu mwenye akili zake anaweka harusi za watu kwenye boksi la viatu?" Akanigeukia. "Unyevu unaweza kuiua, si ndiyo, mama?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningetoka.

"Labda, baba," nikasema.

Akamwomba Mama Pacha radhi kwa kusimama wima, mikono imeshikana mbele, kama mwanafunzi. Sijawahi kumwona baba yangu amesimama hivyo mbele ya mtu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Msimamizi ameniuliza naumwa.

Jumatano, 15 Aprili

Nimecheza. Nilifunga manne, nyasi zinameremeta, jasho la wachezaji linaonekana kweli. Baba alikuwa sebuleni amekaa bila redio. Nilizima kabla ya filimbi ya mwisho.

Jumamosi, 18 Aprili

Mwoka mikate alikuja kumwomba baba apige harusi ya binti yake mwezi ujao. Wanafahamiana tangu ujana wao. Baba akamwambia, "Tafuta mwingine, ndugu yangu. Mimi siku hizi napoteza vitu vya watu." Mwoka mikate akadhani ni mzaha, akacheka. Alipoona baba hacheki, akaondoka na mwavuli wake bila hata kuufungua.

Nilimfuata baba jikoni.

"Baba."

"Nini, mama?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno.

"Chai imeiva."

Mwoga mkubwa mimi! Mitaani nina mdomo kama cherehani, na neno moja limenishinda.

Jumanne, 21 Aprili

Niliiba diski kwenye mashati ya baba nikaipeleka kwa Fundi. Ndiyo, nimeandika niliiba, na sheria ya baba nikaivunja pia. Nikamwambia Fundi imelowa.

Alivaa miwani, akafungua kibao kidogo cha umeme chini ya diski kwa bisibisi, akakisogeza kwenye taa. Hakuna kutu, akasema. Hakuna hata alama ya maji. Akanionyesha doa jeusi, dogo kama punje ya ufuta.

"Hii haikulowa. Hii imepigwa umeme. Ulitumia waya gani?"

"Ule wako."

Akavuta droo, akatoa waya mpya ndani ya mfuko wa nailoni wenye jina langu juu. Akauweka mbele yangu. Nilikuwa sijawahi kwenda kuuchukua! Njia ya mwongo ni fupi, nilijua, lakini hii yangu haikuvuka hata meza.

Nililia pale dukani, mshona viatu akachungulia. Fundi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisubiri nimalize, akasema kilichoungua ni kibao cha chini. Sahani zinazobeba video huenda ni nzima. Ikipatikana diski nyingine ya namba ile ile, rafiki yake anaweza kuhamisha kibao, na kijidude fulani cha kumbukumbu juu yake. Kazi ya mikono, tena ya gharama, na huenda isifaulu.

"Chukua kadi," nikamwambia. "Uza kadi."

"Kadi haijakaa kwenye mashine hata wiki mbili."

"Uza!"

Jumatano, 22 Aprili

Nimeichomoa. Kompyuta inawaka bila kadi, prosesa inachora yenyewe, kidogo kidogo. Fundi alisema nitamshukuru. Bado.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Diski ya namba ile haijapatikana.

Jumamosi, 2 Mei

Leo ni siku mbaya kuliko ile Jumapili ya diski.

Zamani baba alikuwa na msaidizi wa kumshikia taa kwenye harusi. Sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, anapiga harusi zake mwenyewe, lakini kwetu bado anaitwa Mshika Taa. Baba alimwita aje. Nikadhani anamwita kwa mazungumzo. Kumbe kamera ilikuwa imeshafutwa vumbi, lenzi zimefungwa kwenye taulo, betri zimechajiwa.

"Chukua," baba akamwambia. "Ina kazi bado. Mimi ndiye sina."

"Mzee, unanitania."

"Nimepoteza harusi za mtaa mzima, kijana wangu. Mtu akifika hapo, anaacha. Kesho nitasahau kuondoa kifuniko cha lenzi."

Mshika Taa akanitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya vikombe. Sentensi moja ingetosha. Si wewe, baba, ni mimi. Ningeisema hata kwa kuinong'ona. Badala yake nikajiambia subiri diski ipone, ukiwa na diski mkononi itakuwa rahisi kusema. Nikaiweka trei chini.

Kamera ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango tangu nikiwa mdogo. Imeacha alama nyeupe ukutani. Baba amepita pale jioni nzima akiangalia pembeni.

Jumatano, 6 Mei

Diski imepatikana. Rafiki wa Fundi ameanza kazi.

Jumapili, 10 Mei

Baba ameniuliza mbona sichezi siku hizi. Nikasema nimechoka na oda. "Cheza, mama," akasema, "ulijinyima sana kuipata." Niliingia bafuni nikafungua bomba.

Ijumaa, 15 Mei

Imepona! Fundi amenionyesha majina ya mafaili yametandazwa kwenye skrini yake, harusi baada ya harusi. Hakufungua hata moja. "Namjua mzee na sheria yake," akasema. Akanipa diski, na ule waya wangu kwenye mfuko wa nailoni.

Jumapili, 17 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliwaambia diski imepona, kuna fundi ameifufua. Sikusema zaidi. Baba alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akashuka ngazi mbio, mzee wa watu, bila ndara. Watoto wakaja na magauni yale yale ya njano. Viti mstari mmoja. Nilichomeka waya halali mbele yao.

Harusi ikafunguka. Kwanza ilikuwa sauti ya baba, nyuma ya kamera, ya ujana bado: "Bwana harusi, sogea huku! Usiogope, haiumi!" Baba aliinamisha kichwa akatabasamu, akafunika mdomo.

Kisha baba wa mapacha akasimama na kipaza sauti. Mrefu, suti imembana mabegani. Akakohoa.

"Mimi si msemaji," akasema. "Msemaji ni mke wangu, mtamsikia maisha yenu yote, hasa nyinyi majirani."

Ukumbi ukacheka, na sisi tukacheka. Mama Pacha alikuwa anacheka na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, hayafuti. Mtoto mmoja akasimama juu ya kiti akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Anamwigiza mama!"

Mama Pacha akawavuta wote wawili kifuani. Kumbe aliweza kumwigiza, siku zote.

Tuliirudia hotuba mpaka watoto wakaikariri. Halafu Mama Pacha akanishika mikono, mikono hii, akasema Mungu akuzidishie, dada, hujui ulichonipa. Na baba akajifuta macho kwa leso akasema kwa sauti kubwa, kwa fahari:

"Huyu mwanangu! Mimi nimeua, yeye amefufua!"

Nilikuwa nimejipanga kumwambia kesho, tukiwa wawili. Najua kesho zangu.

"Hukuua wewe, baba."

Nikasema yote. Waya, onyo la Fundi, harufu, mfuko wa vitambaa, ile "labda" yangu. Niliongea nikiangalia soksi za watoto. Nilipomaliza ilisikika mvua tu juu ya bati.

Mama Pacha akawaambia watoto, "Twendeni tukale." Wakaondoka.

"Waya uko wapi?" baba akauliza.

Nikamwaga mfuko wa vitambaa sakafuni, nikampa. Akachukua na ule mpya, akazishika pamoja karibu na dirisha, plagi kwa plagi, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Kweli zinafanana," akasema. "Hata mimi ningekosea."

Nikadhani nimesamehewa. Nikavuta pumzi.

"Lakini mimi ningesema." Aliziweka mezani. "Diski si kitu. Diski ni chuma. Mwezi mzima umeniacha nijione nimechakaa, Kocha. Nikampa mtu mkono wangu wa kulia, na wewe umesimama pale umebeba vikombe."

Kocha. Baba hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la watu wa nje.

Jumatatu, 18 Mei

Hajasema na mimi.

Jumanne, 19 Mei

Nimekutana na Mama Pacha kwenye ngazi nikaanza tena kuomba radhi. Akanikata. "Nimekasirika, Kocha. Nitakasirika kidogo, halafu itaisha. Ila usiniombe radhi kila ukinipita, utafanya nianze upya."

Jumatano, 20 Mei

"Kocha, chumvi." Maneno mawili ya baba, mezani.

Alhamisi, 21 Mei

Nilikwenda kwa Mshika Taa nikamweleza kila kitu na kumwomba kamera. Kamera aliitoa kabatini, bado imefungwa kwenye taulo lile lile la kwetu. Hajaipigia hata picha moja.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Mzee hawezi kusahau kifuniko cha lenzi, hata usingizini. Lakini wewe sikupi. Ukimpelekea wewe, itakuwa umemrudishia ulichomnyang'anya, mwenyewe hatakuwa na la kusema. Jumamosi ya wiki ijayo nina harusi ya binti wa mwoka mikate. Mwambie nimekwama, nahitaji mtu wa kunishikia taa."

"Hiyo si kweli."

"Mimi nikishika kamera ya mzee mikono inakwama. Hiyo ni kweli kabisa."

Niliufikisha ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno, na nikaongeza kwamba nilikwenda mwenyewe kuomba. Sifichi kitu tena, hata kidogo.  Baadaye nilimsikia baba akipiga pasi shati.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua imepungua. Nguo zinakauka.

Jumamosi, 30 Mei

Baba aliondoka asubuhi, viatu vimepigwa rangi, kwenda kushika taa. Nilimwuliza kama nimbebee begi. "Hapana."

Kwa walivyosimulia waliokuwepo, bibi harusi alipotokea mlangoni Mshika Taa alimvisha baba mkanda wa kamera shingoni, akachukua taa mwenyewe, akarudi mahali pake pa zamani, hatua moja nyuma. Mwoka mikate akapiga ukelele kama mwanamke. Ukumbi mzima ukasikia: "Bwana harusi, sogea! Haiumi!"

Jumapili, 31 Mei

Leo hakuna mvua kabisa, jua limeingia mpaka chini ya meza.

Baba alibisha hodi chumbani kwangu. Kubisha hodi! Amebeba kadi ya kumbukumbu ya kamera, na diski mbili mpya.

"Nataka kuhamisha harusi ya jana," akasema. "Nakala tatu. Moja kabatini kwa mashati, moja kwa Mshika Taa, moja kwa wenyewe. Harusi za watu hazilali tena nyumba moja. Na wewe kaa pembeni, usiguse waya."

Nikakaa kitandani, mikono chini ya mapaja.

Alipiga magoti kwa taabu, akaingiza kichwa nyuma ya kasha. Nikamsikia akipapasa, akiguna, akiuliza tundu liko wapi, akijibu mwenyewe. Nilijua liko wapi. Sikufungua mdomo wala sikusogea. Vumbi likamfanya apige chafya, akagonga kichwa kwenye meza.

"Huku chini sioni kitu," akasema, bila kugeuka. "Shika tochi, mama."

Nikashuka, nikashika tochi. Sikugusa kitu kingine.